Windows, Mac au Linux? Maswali ninayoulizwa kila siku kwenye benchi la fundi Mwanza

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta katikati ya jiji, dakika chache kwa miguu kutoka Makoroboi. Wateja wangu ni wa kila namna: wenye maduka ya nyavu, wanafunzi wa Malimbe, wapiga video za harusi, walimu wanaovuka maji kutoka Ukerewe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wapo pia watu wa Sengerema wanaofika asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Maswali yao ni yale yale, nami nimechoka kuyajibu huku nimeng'ata skrubu. Nimeyaandika hapa. Yapo yanayoanza kama swali na kuishia kama ugomvi. Hayo nimeyajibu kwa kirefu, maana ndiyo ninayoyapenda.

Fundi, mfumo endeshi ni kitu gani hasa?

Nenda Mwaloni, Kirumba, wakati maboti yanaingia kutoka visiwani na magunia ya dagaa. Kila boti linataka nafasi ya kutia nanga, kila mwenye mzigo anataka wapagazi, na wote wanaikimbilia mizani. Asipokuwepo wa kupanga nani aanze na nani angoje, siku itaishia kwenye matusi na mzigo utabaki majini.

Ndani ya kompyuta, programu ndizo maboti. Prosesa ni mizani, RAM ni sakafu ya kumwagia mzigo wakati unapimwa, na diski ni ghala. Mfumo endeshi ni yule msimamizi anayepanga foleni. Windows ni ya kampuni ya Microsoft, macOS ni ya Apple, na Linux haina kampuni moja inayoimiliki. Wasimamizi ni watatu na kila mmoja ana taratibu zake. Dagaa ni wale wale: barua uliyoandika kwenye Windows itasomeka kwenye Mac. Shida ni boti lenyewe. Programu iliyoundwa kwa mwalo mmoja haitii nanga mwalo mwingine mpaka iundwe upya, na hapo ndipo mfuko wako unapoguswa.

Mbona karibu kila kompyuta mjini ina Windows? Ndiyo bora?

Kuenea ni jambo moja, ubora ni jambo jingine. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani ilichukua mfumo wa DOS kutoka Microsoft, lakini Microsoft ilibaki na haki ya kuuza mfumo huo kwa wengine pia. Kampuni nyingine zilipoanza kutengeneza mashine zinazofanana na ya IBM, zote zilikwenda kugonga mlango mmoja. Windows ya kwanza ikaja Novemba 1985 juu ya DOS hiyo, ikafuata Windows 95, na mwaka 2001 ikaja XP, ambayo mafundi wengi wa rika langu tuliisomea kazi. Apple yenyewe iliuza mashine na mfumo kwa pamoja, kwa bei yake.

Huku kwetu ipo sababu ya pili. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini ni za mtumba, zimetoka maofisini huko Ulaya, Marekani na Dubai: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ofisi hizo zilitumia Windows, basi nasi tukaipokea ilivyo. Mashabiki hawapendi nikisema hivi, lakini wengi wetu hatukuchagua mfumo. Tuliurithi, kama mtoto anavyojikuta Simba au Yanga kabla hajajua kuhesabu mabao. Anayekurithisha kompyuta ni yule aliyekuonyesha jinsi ya kuiwasha mara ya kwanza, na fundi wa mtaani kwako.

Basi kama tumerithi tu, ugomvi wote huu wa nini?

Kwani nani amewahi kugombania kitu alichokichagua kwa kikokotoo? Mezani kwangu hukutana vijana wawili. Mmoja anahariri video za harusi na ana MacBook anayoifuta kwa kitambaa cha miwani. Mwingine anasoma chuo, ana ThinkPad nzee yenye Linux, iliyojaa stika, na hawezi kumaliza chai bila kumwambia mwenzake kwamba amefungwa minyororo ya dhahabu. Mwenzake humjibu kwamba yeye hulipwa kwa kuhariri, si kwa kuhangaika na draiva za sauti, zile programu ndogo za kuamsha spika. Mimi huchochea kidogo halafu naendelea kuchomelea bodi kwa risasi.

Ninachowaambia ni kwamba hawa wakubwa wanaowagombania wamekula sahani moja tangu zamani. Madirisha, vialama vya kubofya na kipanya havikuzaliwa Apple wala Microsoft. Xerox walikuwa na kompyuta ya namna hiyo, Alto, tangu 1973 katika maabara yao ya California. Watu wa Apple walikwenda kuitazama 1979, na Macintosh ikatoka Januari 1984. Windows iliponenepa, Apple iliishtaki Microsoft mwaka 1988 ikidai imeigwa, na kesi ikaisha kwa Apple kushindwa. Mwizi wa kuku kamshtaki jirani kwa kula supu, husema yule mwanafunzi. Si haki kabisa, maana Apple iliwapa Xerox nafasi ya kununua hisa zake ndipo ikaruhusiwa kutazama, lakini msemo unachekesha.

Halafu kuna siku ya 6 Agosti 1997, Boston. Apple ilikuwa karibu kuishiwa pumzi. Steve Jobs, aliyekuwa amerudi baada ya miaka mingi nje ya kampuni, akapanda jukwaani mbele ya wapenzi wa Mac na kutangaza kwamba Microsoft itaweka dola milioni 150 ndani ya Apple na itaendelea kutengeneza Office ya Mac kwa miaka mitano. Uso wa Bill Gates ukatokea kwenye kioo kikubwa nyuma yake. Ukumbi ukazomea. Waliozomea walikuwa wanamzomea mtu anayewaletea dawa, na Jobs ikabidi awaeleze kwamba Apple kushinda si lazima Microsoft ishindwe. Nikifika hapo kwenye hadithi, kijana wa MacBook huomba tubadilishe mada.

Linux nayo ina kisa chake. Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, aliifananisha Linux na kansa. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuwawezesha watu kuendesha Linux ndani ya Windows 10. Na Machi 2024, mtu alipopandikiza kwa siri mlango wa nyuma ndani ya programu ndogo iitwayo xz, inayotumika kwenye Linux, aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi anayelipwa mshahara na Microsoft. Aliona kuingia kwenye mashine kwa mbali kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kupuuza. Ungekuwa ugomvi wa kweli, angecheka akaenda kulala.

Kwa hiyo nikiulizwa hawa ni maadui, nasema hapana, ni watani wa jadi. Mtani anakutukana msibani kwako, na jeneza analibeba yeye.

Windows 10 imekufa? Mashine yangu inawaka kama kawaida.

Itaendelea kuwaka. Kilichoisha tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya kawaida ya bure, yale yanayoziba matundu ya usalama. Mfumo huo ulitoka Julai 2015, umekula chumvi ya kutosha. Microsoft imetoa nafasi ya nyongeza kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026: unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako kwao, au unalipa dola 30. Baada ya hapo, kila tundu litakalogunduliwa litabaki wazi.

Kimbilio lingekuwa Windows 11, lakini hiyo ina masharti. Inataka RAM ya 4 GB, diski ya 64 GB, kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka, kwa ujumla, kuanzia kizazi cha nane. Laptopu nyingi za mtumba zinazopita mezani kwangu ni za kizazi cha nne mpaka cha saba. Zipo njia za kuipitisha kwa mlango wa nyuma, na mafundi tunazijua. Ukitaka nikufanyie nitakufanyia, ila nakuambia mapema: Microsoft haijaahidi kuiletea masasisho mashine iliyopitishwa hivyo, na siku moja inaweza kukwama kwenye toleo moja bila taarifa.

Mwalimu mmoja kutoka Nansio, Ukerewe, aliniletea mashine ya kizazi cha sita. Anaandika mitihani, anakokotoa wastani wa madaraja, anaangalia barua pepe akipata mtandao. Nilimwekea Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, nikamwonyesha pa kubofya, akapanda boti. Amerudi mara moja tu, kwa ajili ya chaja.

Nitajuaje kizazi cha prosesa kabla sijatoa hela?

Usisome stika iliyobandikwa nje, stika hubandikwa upya. Mwambie muuzaji aiwashe, fungua taarifa za mfumo, usome namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza ni 6, basi ni kizazi cha sita. i5-8350U ni cha nane. Ikiwa tarakimu ni tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: ni kizazi cha kumi. Neno "Core i5" peke yake halikuambii kitu, maana i5 zilikuwepo tangu 2009. Muuzaji akikasirika kwa sababu umeomba kuiona namba, aga kwa adabu uende duka la pili.

Mashine yangu ni nzito sana. Nikibadili mfumo itapona?

Pengine. Lakini kwanza niambie ina diski ya aina gani. Ikiwa ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, badilisha uweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, na RAM ifike 8 GB, ndipo tuzungumze. Nimeona watu wakihama kutoka Windows kwenda Linux, wakarudi Windows, wakailaani moja na kuisifu nyingine, kumbe muda wote adui alikuwa diski. Nusu ya dini za kompyuta mjini hapa zimezaliwa na diski mbovu.

Kupiga Windows ya kuchakachua kuna ubaya gani? Kila mtu anayo.

Ubaya wa kwanza ni sheria. Haki za programu zinalindwa Tanzania kama zinavyolindwa haki za nyimbo. Wa pili ni ile programu yenyewe ya kufungulia Windows bila leseni. Ili ifanye kazi inakuomba uzime kinga ya virusi na uipe mamlaka yote. Umemfungulia mlango mtu usiyemjua, usiku, halafu unamwomba akulindie nyumba.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Laptopu nyingi za ofisini zilizotengenezwa tangu Windows 8, yaani kuanzia 2012, zina namba ya leseni iliyoandikwa ndani ya bodi yenyewe. Ukisakinisha toleo lile lile la asili na kuunganisha intaneti, inajitambua. Mteja anamlipa fundi amwekee ya wizi juu ya mashine ambayo tayari ina leseni halali, kwa sababu tu fundi amezoea flashi yake moja. Nami nilikuwa fundi wa namna hiyo kwa miaka miwili hivi, sijivuni.

Mac inafaa pesa yake, au ni maringo tu?

Inategemea ni ipi. Tangu Novemba 2020 Apple imeacha taratibu prosesa za Intel na kutumia zake yenyewe, ikianza na M1. Ya M1, hata ya mtumba, ni mashine ya kweli: betri inakaa, haipigi kelele, na umeme ukikatika katikati ya kazi unaendelea kuhariri kana kwamba hujasikia mtaa mzima ukiguna. Mhariri wa video anayeisifu hadanganyi. Final Cut Pro ya kompyuta, programu ya kuhariri video, ipo kwenye Mac tu, na kama maisha yako yamo humo, jibu umeshalipata.

Lakini ile MacBook Air ya rangi ya fedha ya 2017 unayouziwa kwa sifa nyingi, mfumo wake wa mwisho rasmi ni Monterey wa 2021. Na macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kukubali mashine yoyote ya Intel. Ununue ukijua.

Kuna mambo mawili zaidi. RAM ya hizi mpya haiongezeki, imo ndani ya kifurushi kimoja na prosesa. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Na kabla ya kulipa, hakikisha mwenye nayo ameiondoa kwenye akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako. Mac yenye kufuli la mwenyewe ni sinia la bei mbaya, na usiniletee mimi niivunje. Kwanza siwezi, pili nitataka kujua umeitoa wapi.

Linux ni ya nani, na kwa nini ni ya bure?

Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo kwa kujifurahisha, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Alichoandika ni kiini tu, ule uti wa mgongo. Zana nyingi za kuuzunguka zilikuwa zimeandaliwa na mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, pamoja na leseni inayosema: tumia, soma, badilisha, gawa, ila ukigawa ulichobadilisha uwaachie wenzako uhuru ule ule. Mtindo wenyewe wa mfumo ulifuata Unix, mfumo wa zamani ulioanza kwenye maabara ya Bell Labs mwaka 1969.

Toleo lililoisogeza Linux kwa watu wa kawaida ni Ubuntu, lililotoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo, ni utu ule ule kwa lafudhi ya kusini. Wakati intaneti ilikuwa ghali, walikuwa wanatuma sidii kwa posta, bure, popote duniani. Ukiniuliza uaminifu wa watu wa Linux unatoka wapi, sehemu kubwa inatoka hapo. Mtu akikupa kitu bila kukuomba nauli, unakuwa mtangazaji wake bila mshahara.

Nami nilikuwa mtangazaji mbaya. Mwaka fulani mama mmoja anayeuza nyavu na kamba aliniletea kompyuta imejaa virusi. Nilikuwa nimelewa mapenzi ya Linux. Nikanakili faili zake vizuri, nikafuta Windows yote, nikamwekea Ubuntu, nikabadilisha hata picha ya mbele nikaweka machweo ya ziwa. Sikumuuliza. Mwisho wa mwezi akaja, programu yake ya mahesabu haifunguki, maana ilikuwa ya Windows tu, na mteja wake mkubwa anangoja hati. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akakaa, akasema, "Mwanangu, mimi nilikuomba unitolee virusi. Sikukuomba unibadilishe dini." Nilimrudishia Windows usiku ule bila malipo. Mpaka leo bado ni mteja wangu, na bado hukagua kioo kabla hajatoka dukani.

Mbona watu wa Linux wanagombana wenyewe kwa wenyewe?

Kwa sababu hakuna bosi wa kuwanyamazisha. Januari 1992, Linux haijafikisha hata mwaka, profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alishaandika hadharani kwamba muundo wake umepitwa na wakati, na Torvalds akamjibu kwa hasira za kijana. Mwaka 2014 watu wa Debian, toleo jingine la Linux, waligombania programu inayowasha huduma nyingine mashine inapoamka, mpaka kundi likajitenga na kuanzisha toleo lake, Devuan. Mtumiaji wa kawaida hahitaji kujua lolote kati ya hayo. Anza na Linux Mint, funga masikio.

Ni kweli Mac na Linux hazipati virusi?

Si kweli. Mwaka 2012 kirusi kilichoitwa Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya laki sita. Kweli ni kwamba virusi vingi tunavyokutana navyo huku, hasa vile vya flashi vinavyoficha folda zako na kukuachia njia za mkato, vimeandikwa kwa Windows. Flashi ya aina hiyo nikiichomeka kwenye Linux inakaa kama samaki nchi kavu, nazirudisha folda taratibu. Ndiyo maana mafundi wengi wa Windows wana Linux kwenye droo.

Kwa upande wa Windows, kinga iliyokuja nayo inatosha watu wengi siku hizi ikiwa unaruhusu masasisho. Kirusi cha WannaCry kilichotikisa dunia Mei 2017 kilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi. Walioumia wengi walikuwa hawajakiweka.

Flashi yangu inafunguka steshenari lakini kwenye Mac ya ofisini siwezi kuweka kitu.

Imepangwa kwa NTFS, mpangilio wa faili wa Windows. Mac huisoma lakini, peke yake, haiandiki. Hamisha vitu vyako kwanza, halafu ipange upya kwa exFAT. Mifumo yote mitatu inaielewa. FAT32 nayo inakubalika kila mahali, tatizo lake ni faili moja kuzidi 4 GB, na video ya send-off huzidi.

Naweza kuweka mifumo miwili kwenye mashine moja?

Windows na Linux, ndiyo, ukiwasha unachagua. Anza na Windows ndipo uweke Linux, na uchukue nakala za faili zako kabla ya yote. Kwenye Mac za M1 na kuendelea, usijaribu kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya kazi.

Masasisho yananimalizia bando.

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao unaotumia na uiambie kwamba muunganisho huo hupimwa (metered). Itaacha kujishushia mizigo mikubwa bila ruhusa. Fanya hivyo kwa hotispoti ya simu yako, kisha chagua siku moja ya kusasisha kwa bando la usiku. Linux Mint hukuuliza kabla, na faili lake la kusakinishia ukilishusha mara moja, lenye uzito wa GB chache, unaweza kuliweka kwenye mashine za ukoo mzima bila kuvunja sheria. Mac hazina huruma katika hili. Masasisho yake makubwa huhesabiwa kwa magigabaiti.

Kuna iliyo kwa Kiswahili?

Windows 10 ina kifurushi cha lugha ya Kiswahili unachoweza kuongeza. Kwa Linux, kazi ilianza zamani hapa hapa nchini: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Naona aibu kidogo kwamba wateja wangu karibu wote, nami nikiwemo, tumezoea Kiingereza cha menyu kiasi kwamba tukikutana na "hariri" na "bandika" tunatafuta tulichopoteza. Wazee wanaoanza leo hawana tatizo hilo. Wawekee Kiswahili.

Mimi sina kompyuta, nina simu. Ugomvi huu unanihusu?

Kama simu yako ni Android, ndani yake kuna kiini cha Linux. Dereva wa bajaji pale Mlango Mmoja anayeapa kwamba hajawahi kusikia neno Linux anaitumia tangu anaamka. Yule mwanafunzi wa stika hupenda kusema hivyo kwa sauti. Na orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017, zote zinaendeshwa kwa Linux. Ni mezani tu, kwenye laptopu ya mtu wa kawaida, ndipo haijapata kiti.

Kwa kazi yangu nichukue ipi?

Kama programu ya mahesabu ya duka lako, au AutoCAD ya michoro ya kihandisi, ndiyo inayokulisha, chukua Windows na usimsikilize mtu. Mwanafunzi wa kuandika programu atafaidi Linux, na hasara ni ndogo kwa sababu mashine yoyote nzee inatosha. Wa muziki aangalie studio anakorekodia wanatumia nini: FL Studio, programu ya kutengeneza muziki waliyoanza nayo watayarishaji wengi wa Bongo Fleva, ilikuwa ya Windows mpaka 2018 ilipopata toleo la Mac. Wa video mwenye hela, Mac ya M1 au mpya zaidi. Asiye nayo, DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri video, inaendeshwa kwenye zote tatu, mradi mashine iwe na misuli. Wa kuandika, kusoma na kutuma barua achukue iliyo na kibodi nzuri.

Swali ninalomuuliza kila mtu mwishoni ni hili: ikigoma saa tatu usiku, utampigia nani? Ukitaja mtu, nunua anayoijua yeye.

Na wewe fundi, ya kwako ina nini?

ThinkPad, Debian, na kipande cha diski chenye Windows kwa sababu kifaa changu cha kuandikia bodi hakielewi lugha nyingine. Nyumbani mke wangu ana Windows na hataki nimguse.

Nikikuletea mashine, nije na nini?

Chaja yake mwenyewe, nywila, na nakala ya faili zako ukiweza. Niambie pia ni programu gani huwezi kuishi bila hiyo. Yule mama wa nyavu alinifundisha kuuliza, lakini mimi husahau kazi ikiwa nyingi. Na ukinikuta tunabishana na kijana wa MacBook, vuta kigoda. Tukishafika Boston 1997 huwa ananyamaza, nami nakuhudumia.